Vinyweleo vya Uso na Kichupa cha Seramu: Maswali na Majibu

Katika kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Kimara Mwisho, saa ile ya asubuhi ambapo foleni imekwisha kuzunguka uzio na watu bado wana usingizi machoni, binti mmoja ninayemjua tangu akivaa sare ya shule ya msingi aliniamkia shikamoo, na kabla sijamaliza kuitika marahaba akachomoa mkobani kichupa cha kioo kisichozidi urefu wa kidole cha shahada, akakigeuzageuza mbele yangu mithili ya mtu anayeonesha lulu, akaniuliza: "Daktari, hii itaniziba vitobo hivi?" huku akielekeza kidole pembeni mwa pua. Basi likaingia, umati ukamsukuma yeye upande mmoja na mimi upande wa pili, wala sikujaliwa kumjibu. Tangu siku ile swali lake limenirudia kwa sauti nyingi, kutoka Korogwe, Baruti na Temboni, na hata kutoka ng'ambo ya jiji huko Mbagala, na aghalabu huja likifuatana na kichupa mkononi. Nimeyakusanya hapa yaliyonijia mara kwa mara, nikayajibu kwa kadiri ya ilimu yangu ya tiba ya ngozi, na kwa ushahidi wa mashavu yangu mwenyewe, ambayo nayo, kama itakavyodhihirika, yalitiwa katika jaribio.

Vinyweleo ni nini hasa, na kwa nini vyangu vimepanuka hata uso umekuwa kama ganda la chungwa?

Kinyweleo ni mdomo wa kifuko kilichozama katika ngozi, ambamo unywele huota na ambamo tezi humiminia mafuta yake ili ngozi isikauke ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Hakuna wajihi wa mwanadamu usio na vinyweleo, isipokuwa ule uliosuguliwa na programu ya simu kabla ya picha kuwekwa hadharani. Na mtu ajilinganishaye na picha za namna hiyo hushindana na kitu kisichokuwepo. Idadi yake mtu huzaliwa nayo. Kinachotofautiana baina ya mtu na mtu, na baina ya ujana na utu uzima wa mtu yule yule, ni upana.

Sababu za upana huo ni kadhaa, nazo hushirikiana. Nasaba imo, kwa hiyo tazama pua za wazazi wako kabla hujailaumu sabuni. Wingi wa mafuta umo, nao huzidi wakati wa balehe na huzidi tena katika joto, na sote tunaijua hali ya Dar es Salaam inapovuma kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ambapo mtu hujifuta uso akiwa Ubungo na akifika Magomeni sharti ajifute tena. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa hugandamana mdomoni mwa kinyweleo, yakautanua, na yakikutana na hewa hugeuka meusi. Weusi ule watu huudhani uchafu, wakausugua mpaka damu ikachungulia, ilhali si uchafu kamwe. Mwisho ni jua na miaka, sababu ambayo vijana hawaitii maanani: nyuzi zinazoushika ukuta wa kinyweleo hulegea, na mdomo uliokuwa duara huvutika ukawa na umbo la tone.

Mimi naishi kando ya Barabara ya Morogoro. Je, si vumbi la ujenzi lililonipanua vinyweleo?

Tangu nyumba zilipobomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara kutoka Kimara hadi Kibaha, vumbi limebebeshwa lawama zote, kuanzia kikohozi hadi ndoa kuvunjika. Vumbi hukaa juu ya ngozi na huondoka kwa maji. Linaloumiza ni ile skrabu ya punje kali ambayo mtu huitumia kila jioni kulipiza kisasi kwa vumbi.

Basi seramu itavifunga?

Hasha. Kinyweleo si mlango, hakina bawaba wala komeo. Wengi wanaamini kwamba mvuke wa maji ya moto huvifungua na barafu huvifunga, na katika saluni nyingi za mjini huduma nzima imejengwa juu ya imani hiyo, mteja akifunikwa taulo mwanzoni na kupitishwa barafu mwishoni. Lakini mdomo wa kinyweleo hauna msuli wa kuukunja wala wa kuukunjua. Upo msuli mdogo kwenye shina la unywele, ule unaosimamisha malaika tunaposhikwa na baridi au hofu, nao huinua unywele tu, mdomo ukabaki vile ulivyokuwa. Mvuke hulainisha mafuta yaliyoganda, na barafu huikaza ngozi kidogo kwa muda mfupi hata vitobo vikajificha; baada ya saa moja kila kitu hurudi mahali pake.

Seramu iliyo njema, kwa hiyo, haifungi kitu. Inaweza kupunguza mafuta yanayotoka, inaweza kukitoa kizibo kilichoutanua mdomo, na ile yenye nguvu zaidi inaweza, baada ya miezi, kuzikaza nyuzi za ukutani. Natija ya hayo yote ni kwamba vinyweleo huonekana vidogo kuliko awali, na mwenye duka akikuahidi zaidi ya hapo, mrudishie kichupa chake kwa adabu.

Kwenye vichupa kumeandikwa majina ambayo ulimi wangu hauyawezi. Lipi nilitafute?

Matatu yanatosha. La kwanza ni niasinamidi, ambayo ni namna ya vitamini B3, na ndiyo ninayoipendelea kwa mtu anayeanza, kwa kuwa ni pole, hupunguza mafuta na husaidia madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi. Kiasi cha 2 hadi 5 kwa mia kinafaa. Siku hizi vichupa vingi vimeandikwa 10, nao wanunuzi hudhani kwamba maradufu ya namba ni maradufu ya faida. Aghalabu kinachozidi ni kuwashwa.

La pili ni asidi ya salisiliki, jamaa ya aspirini, ambayo sifa yake ni kuyeyuka katika mafuta, kwa hiyo huweza kuteremka ndani ya kinyweleo mahali ambapo maji na sabuni hayafiki, ikakilegeza kizibo. Haihitaji kuzidi 2 kwa mia, na usiku miwili au mitatu kwa juma humtosha mtu. Aliyepata kudhuriwa na aspirini aiache.

La tatu ni kundi la retinoidi, nduguze vitamini A, nalo ndilo lenye ushahidi mzito kuliko yote, na pia lenye historia ambayo mimi siwezi kuipita kimya. Tretinoini, mkubwa wa kundi hilo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1971 kwa tiba ya chunusi na mwaka 1995 kwa ngozi iliyozeeshwa na jua, na mtu aliyeipa umaarufu ni Albert Kligman, profesa wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Tabibu huyo alifanya majaribio yake mengi katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, kati ya mwaka 1951 na 1974, juu ya migongo na nyuso za wafungwa ambao wengi wao walikuwa watu weusi, waliolipwa senti na wasioelezwa sawasawa wanachopakwa. Mji wa Philadelphia uliwaomba radhi mwaka 2022, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa. Mara kwa mara nasikia watu wakisema kwamba dawa hizi ni za wazungu na hazikujaribiwa juu ya ngozi kama yetu. Laiti ingekuwa hivyo! Zilijaribiwa, tena bila insafu, na wenye haki ya kwanza ya faida yake ni sisi.

Retinoidi huanza kwa kuchubua na kukausha, kwa hiyo hupakwa usiku, kiasi cha punje ya choroko kwa uso mzima, usiku mmoja kila baada ya mitatu mpaka ngozi izoee. Ile ya nguvu hutolewa kwa cheti cha daktari. Mja mzito, na hata mwanamke anayetarajia kushika mimba karibuni, asiiguse; kwake yeye niasinamidi yatosha.

Bibi yangu anasema fedha hizo ni za kutupa: tumia ndimu, manjano au liwa. Nimsikilize nani?

Kwa liwa, msikilize bibi. Mimi nililelewa mwambao, na hata sasa nikiivuta harufu ya liwa iliyosagwa juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi, namwona nyanya yangu ameketi mkekani, mkono mmoja ukisaga na wa pili ukifukuza kuku, na bi harusi mmoja wa mtaani anasubiri singo yake. Liwa hupoza na hunukia, na ngozi nyingi haizidhuru; haivigusi vinyweleo kwa kheri wala kwa shari. Manjano nayo hayana kesi kubwa, ila foronya zitakulaani.

Ndimu ni habari nyingine. Maji yake ni makali kwa ngozi, na fauka ya hayo yana vitu ambavyo vikikutana na mwanga wa jua huunguza, hata nimepata kuona mashavu yenye michirizi myeusi iliyofuata barabara njia ambayo tone la ndimu lilichuruzika, na michirizi ile ilikaa majuma kwa majuma. Ndimu iwekwe kwenye supu. Dawa ya meno vivyo hivyo, ibaki kwenye meno.

Shoga yangu anasema seramu peke yake ni polepole. Nichanganye na krimu yake ya mkorogo.

Hapa naomba nisikilizwe kwa hadhari, kwa kuwa katika wagonjwa wangu wa "vitobo" wapo wengi ambao chanzo cha shida yao ni mkorogo wenyewe. Ndani ya mchanganyiko huo, unaopimwa kwa kijiko kwenye vikopo visivyo na maandishi, aghalabu huwemo kimoja kati ya vitu vitatu, au vyote: haidrokwinoni, zebaki na steroidi.

Steroidi huifanya ngozi iwe laini na nyeupe kwa majuma machache, na huo ndio mtego. Kisha huikondesha; mishipa midogo huanza kuonekana mashavuni kama nyuzi nyekundu, chunusi hufumuka, na vinyweleo, vikiwa vimepoteza ukuta wa kuvishika, huwa vipana kuliko siku mtu alipoanza. Akiacha ghafla uso huwaka moto, naye huirudia ile krimu akidhani ndiyo tiba. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa kijivu-samawati usiotoka, jambo ambalo matabibu wa Afrika Kusini walilieleza mwaka 1975 walipoliona kwa wanawake waliokuwa wakipaka krimu za kujichubua. Zebaki hupenya ngozi ikaumiza figo, na Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 umeitaja katika vipodozi miongoni mwa vitu vya kuondolewa duniani.

Zebaki na haidrokwinoni ni marufuku katika vipodozi hapa Tanzania. Usimamizi wa vipodozi ulikuwa mikononi mwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa mpaka mwaka 2019, kisha ukahamia Shirika la Viwango Tanzania. Dawa zimebaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Naeleza hivyo ili mtu ajue pa kupeleka malalamiko. Na aliyekwisha kuutumia mkorogo kwa miezi mingi asiuache peke yake nyumbani kwa ushujaa: aende kwa tabibu wa ngozi, Muhimbili au kwingineko, aachishwe kwa taratibu, wala asione haya, maana sisi hatugombezi.

Nimenunua. Sasa nijaribu vipi nisije nikajidanganya?

Swali hili ndilo nililopenda kuliko yote, nami nitalijibu kwa kusimulia.

Kichupa changu cha kwanza nilikinunua Kariakoo, katika duka ambalo vichupa vyake vimepangwa dirishani vikiliangalia jua la alasiri. Kilikuwa na vitamini C, ambayo ikiwa nzima huwa haina rangi au ina umanjano mdogo. Nilipofika nyumbani nikakimulika kwenye taa, nikaona rangi ya chai ya rangi. Joto na mwanga vilikwisha kuiua kabla yangu. Nilikimwaga, nikaumia kwa kadiri ya bei yake. Tangu hapo hununua kilichowekwa kivulini, nikitazama tarehe ya mwisho, na ile alama ndogo ya kopo lililofunguliwa kifuniko yenye namba ndani yake: 6 au 12, maana yake ni miezi ambayo dawa hudumu tangu siku ya kufunguliwa.

Cha pili kilikuwa cha niasinamidi 5 kwa mia. Kabla ya kukileta usoni nilipaka tone moja nyuma ya sikio, usiku mitano mfululizo, mahali pale pale. Hapakuwasha, hapakuvimba. Ndipo nikauanza uso, bali nusu yake: shavu la kulia matone mawili kila usiku, shavu la kushoto losheni tupu, ili mkono usipendelee upande mmoja. Nilinawa kwa sabuni laini, nikaiacha sabuni ya mche kwa ajili ya nguo, na kwa muda wote ule sikuongeza kitu kingine chochote. Kwa maana mtu akianza seramu, krimu na sabuni mpya katika juma moja, kisha akapendeza au akaharibika, hawezi kujua amshukuru nani au amshitaki nani. Kila Jumapili saa tatu asubuhi nilisimama penye dirisha lile lile, nikajipiga picha kwa simu bila urembo wowote.

Juma la kwanza hadi la tatu sikuona lolote. Juma la nne niligundua kwamba ifikapo adhuhuri shavu la kulia haling'ai mafuta kama la kushoto. Juma la kumi na mbili nilizitandaza picha mezani. Upande wa kulia vinyweleo vilionekana vidogo kidogo, kiasi ambacho mtu akiambiwa atazame ataona na asipoambiwa atapita zake. Nikamwita mke wangu, bila kumwambia lipi ni lipi, akachagua la kulia kuwa ndilo zuri. Nikamwita mwanangu, akachagua la kushoto.

Hayo ndiyo maisha ya seramu. Ngozi hujifanya upya kwa takriban majuma manne, kwa hiyo kabla ya majuma manane usihukumu, na baada ya kumi na mawili usiendelee kutoa udhuru.

Uso umeanza kuwaka na kuwa mwekundu. Nivumilie?

Usivumilie. Acha, paka losheni tupu kwa juma zima. Katika ngozi zetu kila kuungua huacha doa jeusi, na doa hilo hukaa miezi, likawa msiba mkubwa kuliko kinyweleo ulichokuwa ukikishughulikia. Kukiwa na uvimbe au malengelenge, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ngozi nyeusi ina kinga yake. Kwa nini daktari ananihimiza mafuta ya jua?

Ina kinga, ni kweli. Mwaka 1979 watafiti, Kligman yule yule akiwa miongoni mwao, waliipima tabaka ya juu ya ngozi nyeusi wakaikuta inakinga miale kwa kipimo cha takriban 13, ilhali ya ngozi nyeupe ilikuwa 3 na kitu. Ni neema kubwa. Lakini mafuta ninayoyapendekeza ni ya 30, na Dar es Salaam iko chini kidogo ya nyuzi 7 kusini mwa ikweta, ambapo jua la saa sita humsimamia mtu utosini. Jua hilo hulegeza nyuzi za ukuta wa kinyweleo na hulikoleza kila doa. Asiyekuwa na kinga hiyo kabisa ni ndugu yetu mwenye ualbino, naye kule Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho pamoja na hospitali ya KCMC, hutengenezewa mafuta maalumu ya kukinga jua, kwa kuwa kwake suala si urembo bali ni uhai. Kwa sisi wengine, urefu wa vidole viwili vya mafuta kwa uso na shingo, na mtandio, kofia au mwavuli; mwavuli hauna madhara kwa mtu yeyote.

Mimi ni kijana wa bodaboda wa Stop Over. Je, haya si mambo ya kike?

Tezi za mafuta za mwanamume kwa kawaida hutoa mafuta mengi kuliko za mwanamke, na wewe ndugu yangu unakaa juani kutwa. Kama kuna mtu aliyeandikiwa makala haya, ni wewe. Anza na mafuta ya jua, na ile helmeti ifutwe ndani, maana abiria wako kumi wa asubuhi wameacha jasho lao humo.

Baada ya yote hayo, Daktari, wewe mwenyewe utaendelea?

Mpaka kichupa kiishe, kwa kuwa fedha imekwisha kutoka. Kimebaki robo. Kikiisha sitanunua kingine. Fedha hiyo nitainunulia mafuta ya jua, ambayo nyumbani kwetu tunayatumia wote wanne na hayakai. Kwa mwenye mafuta mengi na umri wa miaka ishirini, huenda hukumu ikawa nyingine, naye ajaribu kwa nusu uso kama nilivyofanya. Na yule binti wa kituoni, akiyasoma haya, aniletee kichupa chake nikisome maandishi ya nyuma, kwani siku ile basi lilifika kabla sijakigeuza.